Uzi: Mafundo ya kufungia zana ndani ya ngalawa, na namna yanavyopaswa kufunguka

Bandiko la 1. Mleta mada, Sahare, Tanga

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Mimi ni mkazi wa Sahare hapa Tanga mjini, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikitoka na ngalawa, kwanza nikiwa kijana wa kufua maji (kuyachota na kuyamwaga nje ya chombo) chini ya marehemu mjomba wangu, na sasa nikiwa na chombo changu mwenyewe. Nafungua uzi huu kuhusu jambo tunalolifanya kila alfajiri bila kulizungumza, nalo ni namna tunavyofunga nyavu, nanga, madumu, taa na chakula kabla ya kusukuma ngalawa majini. Kila mtu hufunga anavyojua, ilimradi kitu kisicheze. Mimi nasema fundo la baharini lina maswali mawili: je, litashika? Na je, nitaweza kulifungua gizani, kwa mkono mmoja, likiwa limelowa na kamba ikiwa imevutwa? Wengi wetu tunajibu swali la kwanza peke yake, na hapo ndipo watu wanapopoteza zana na hata roho.

Nieleze kwanza kilichonifikisha katika fikra hizi. Mwezi wa Januari, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa watatu tukirudi kutoka upande wa kisiwa cha Karange kuelekea Tongoni. Kaskazi ilikuwa imesimama vizuri tangu saa 4 asubuhi na tanga lilikuwa limejaa. Kijana aliyeshika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, alichoka mkono, akaifunga kwenye mti wa nyuma unaobeba matengo (mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke) kwa nusu fundo tatu, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa ni ncha kuzungushwa mara moja na kupitishwa chini yake yenyewe. Nilimwona na sikumkataza. Upepo ulipopiga kwa ghafla, tengo la upande wa chini ya upepo lilizama lote, naye akalirukia lile fundo ili aiachie demani. Halikufunguka. Kamba ilikuwa ya katani, imelowa tangu alfajiri na kuvimba, na tanga lote lilikuwa likiivuta. Nakumbuka vidole vyake vikikwaruza juu ya fundo lile kama mtu anayejaribu kubandua gamba la chaza kwenye mwamba. Ngalawa ililala ubavu, ikajaa maji, kisha ikapinduka.

Kisu kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya mfuko wa turubai pamoja na kiberiti na simu, na mdomo wa mfuko nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa fundo ambalo hata nchi kavu lingenichukua dakika nzima. Wavu, ambao haukufungwa popote, ulitawanyika juu ya maji, na mguu wa mwenzetu wa tatu ukanasa katika macho yake. Alijinasua kwa sababu alitulia na kuutoa mguu polepole badala ya kupiga mateke. Tulikaa juu ya mgongo wa ngalawa kwa muda unaokaribia saa nzima, hadi mashua iliyokuwa ikipita ilipotuona. Wote tulirudi nyumbani salama, Alhamdulillahi, lakini nanga na taa zilibaki chini ya bahari.

Nilipokaa na kufikiri baadaye niliona makosa matatu: tulifunga kisichopaswa kufungwa, tukaacha bila kufunga kilichopaswa kufungwa, na chombo cha kukatia tukakifungia mbali na mikono yetu.

Tuanze na kamba zenyewe, kwa sababu fundo moja hubadilika tabia kulingana na kamba. Katani sisi watu wa Tanga tunaijua kuliko wote. Mkonge uliingizwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitoka Florida, na inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kamba yake ina ukakasi, kwa hiyo fundo halitelezi, lakini hunywa maji, huvimba, na fundo lililokazwa likiwa kavu huwa gumu kama jiwe linapolowa. Tena huoza upesi ikiachwa na chumvi bila kukaushwa. Kamba ya makumbi, ile ya nyuzi za nazi zilizofukiwa katika mashimo ya ufukweni hadi zikalainika, haina nguvu kama katani lakini huelea, huvutika kidogo bila kukatika, na huvumilia maji ya chumvi kwa muda mrefu. Wazee walishonea mitepe, vyombo vya kale vya mbao za kushonwa, kwa kamba hizo pasipo msumari hata mmoja.

Naironi ina nguvu sana na huvutika, nayo huzama. Zile kamba za plastiki za rangi ya buluu au kijani ambazo wengi tunanunua kwa sababu ya bei huelea, lakini ni telezi na jua huzila: ukiiona kamba imepauka na inatoa unga mkononi, usiiamini tena kwa kitu chochote cha maana. Kwa sababu ya utelezi huo, fundo linaloshika katika katani linaweza kujifungua lenyewe katika plastiki, hivyo ongeza nusu fundo moja na uache ncha ndefu, angalau shibiri moja.

Jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba kila fundo hupunguza nguvu ya kamba. Mahali kamba inapokunjwa kwa ukali, nyuzi za nje hubeba mzigo wote na za ndani hazibebi kitu. Fundo la kawaida la kupitisha ncha katika duara na kuvuta linaweza kuiacha kamba na karibu nusu tu ya nguvu yake. Fundo lenye mikunjo mipana huiachia zaidi ya hapo. Ndiyo maana kamba ya nanga haikatiki katikati, hukatikia fundoni.

Sasa mafundo. Mimi natumia manne tu.

La kwanza ni kitanzi kisichokaza. Tengeneza kijicho kidogo katika kamba, ncha ipande kutoka chini ndani ya kijicho hicho, izunguke nyuma ya kamba ndefu, kisha irudi ndani ya kijicho kilekile, halafu vuta pande zote. Kitanzi hicho hakisogei wala hakibani, na baada ya kuvutwa siku nzima unasukuma mgongo wake kwa kidole gumba na kinalegea. Nakitumia kwa mpini wa dumu, kwa ndoo, na kwa kamba ya kuvutia ngalawa. Kina udhaifu mmoja mkubwa: kamba ikiwa imevutwa hakifunguki kabisa. Kwa hiyo kisiwe mahali utakapohitaji kuachia mzigo kwa dharura.

La pili, ambalo kwangu ndilo mama wa yote, ni mizunguko miwili kwenye mti na nusu fundo mbili juu ya kamba yenyewe. Nguvu ya mzigo hubebwa na mizunguko, kwa sababu kamba husuguana na mti, na zile nusu fundo kazi yake ni kuzuia mizunguko isilegee. Kwa hiyo hata mzigo ukiwa unavuta, unaweza kuzitoa nusu fundo kisha ukaachia kamba polepole mkononi. Nusu fundo ya mwisho mimi siipitishi ncha yote. Naikunja ncha na kupitisha mkunjo, ili ibaki mkia wa kuvuta. Hilo ni fundo la kuchomoa. Kama demani ile ingefungwa hivyo, kijana angevuta mkia, akatupa nusu fundo moja iliyobaki, na tanga lingepoteza upepo kabla hatujapinduka.

La tatu ni lile la kuunganishia kamba nene na nyembamba. Kila mshona nyavu analijua tayari hata kama hajui kwamba analijua, kwa kuwa ni lilelile la jicho la wavu: kamba nene inakunjwa, nyembamba inapanda kutoka chini ya mkunjo, inauzunguka mkunjo wote kwa nyuma, kisha inajifunga chini yake yenyewe. Wengi huunganisha kamba mbili kwa mafundo mawili ya kawaida yanayopishana, lile tunalofungia vifurushi. Kwa kifurushi linafaa. Kwa kuunganisha kamba mbili za unene tofauti ni hatari, maana upande mmoja ukivutwa fundo hugeuka na kuteleza lote.

La nne ni la kukazia mizigo, namna utingo wa lori anavyokaza magunia: unatengeneza kitanzi kidogo katikati ya kamba, unapitisha ncha chini ya mti wa upande wa pili, unairudisha ndani ya kitanzi na kuvuta kuelekea chini, kisha unamaliza kwa nusu fundo ya kuchomoa. Kwa hesabu nguvu ya mkono huzidishwa mara 3, ingawa msuguano wa kamba kwa kamba unakula sehemu kubwa ya faida hiyo. Usikaze hadi mbao za ngalawa zilie.

Karibuni kwa michango, na hasa kwa masahihisho.

Bandiko la 2. Mchangiaji, Mwambani

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, na pole kwa yaliyowakuta. Umesema mlifunga kisichopaswa kufungwa na mkaacha kilichopaswa kufungwa. Tafadhali tueleze ni vitu gani vifungwe na vipi viachwe, kwa sababu huku kwetu kuna wanaofunga kila kitu hadi upo wa kufulia maji, na wengine hawafungi chochote.

Bandiko la 3. Mleta mada

Ndugu yangu wa Mwambani, swali lako ni zito, nami nitalijibu kwa kuangalia kitu hicho kitafanya nini ngalawa ikijaa maji.

Madumu matupu yaliyofungwa vizuri vifuniko ni rafiki mkubwa. Dumu la lita 20 lililojaa hewa linaweza kuinua karibu kilo 20 likizamishwa, kwa hiyo madumu matatu au manne yaliyobanwa kwa nguvu chini ya miti ya matengo, ndani ya ngalawa, yatakiacha chombo kikielea juu zaidi, na mtakifua maji kwa urahisi. Dumu likifungwa kwa kamba ndefu na kuelea nje halikusaidii kuinua chombo, linakuletea tu kamba ya kukunasa miguu. Kwa hiyo madumu matupu funga kwa kukaza, na kamba fupi.

Dumu la maji ya kunywa wengi hudhani litazama. Halizami, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, na nafasi ndogo ya hewa chini ya kifuniko huongeza wepesi huo. Litaelea likiwa limezama karibu lote. Lifungwe kwa kitanzi kisichokaza na kamba isiyozidi dhiraa moja.

Nanga ni kitu cha kuangalia kwa makini. Ikiwa huru, ngalawa ikiyumba inaweza kutoboa ubao au kumvunja mtu mguu. Ilazwe chini katikati, ifungwe kwa fundo la kuchomoa. Kwenye pete yake, amari (kamba ya nanga) ipite mizunguko miwili na nusu fundo ya kwanza ipite ndani ya mizunguko hiyo, kisha nyingine ifuate juu ya amari. Hilo halitahitaji kufunguliwa kwa haraka, hivyo likaze upendavyo. Mwisho wa pili wa amari, ule ulio ndani ya ngalawa, ndio unaopaswa kufunguka, maana nanga ikinasa kwenye matumbawe na maji yakianza kujaa au mawimbi kuongezeka, unataka kuiachia ikiwa na boya lake na kuirudia kesho.

Wavu ufungwe kwanza wenyewe kwa wenyewe. Ukunjwe, uviringishwe ndani ya kipande cha turubai au gunia, ufungwe sehemu mbili, kisha fungu hilo lifungwe kwenye mti kwa fundo la kuchomoa. Wavu uliotawanyika unaua, na hata usipoua mtu, ukipotea utaendelea kuvua samaki chini bila mwenyewe. Sisi tuko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale sana, iliyoanzishwa mwaka 2009, na majarife (nyavu kubwa za kuvulia papa) ya hapa kwetu yameshawahi kumnasa samaki huyo. Kuulinda wavu usipotee ni kuilinda na bahari pia.

Upo wa kufulia maji ufungwe kwa kamba ya kukuwezesha kufua bila kuufungua. Ukipotea, mmebaki na viganja. Kafi vilevile.

Mtu asijifunge kwenye chombo. Wala kamba yoyote isizungushwe mkononi au kiunoni, hata kwa mzaha, hata kwa dakika moja.

Kisu kikae shingoni au kiunoni mwa nahodha, ndani ya ala, na kijana wa mbele awe na chake. Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini. Nimeona watu wakiyafunga majaketi vizuri sana chini ya tezi, huko nyuma ya chombo.

Bandiko la 4. Mchangiaji, Pangani

Mwanangu mleta mada, umeandika vizuri, na mimi kama mzee wa mashua naomba niongeze juu ya demani, maana umepita hapo haraka.

Demani haifungwi. Hata kwa fundo la kuchomoa, mimi sikubali. Demani inazungushwa mara moja au mara mbili kwenye mti ili mti ubebe uzito, na ncha inabaki mkononi mwa mtu aliye macho. Mkono ukichoka, mtu mwingine apokee. Wakiwa wawili tu na wote wamechoka, tanga lipunguzwe au lishushwe. Kijana wenu alichoka, na hilo si kosa, kosa ni kwamba hakukuwa na wa kumpokea. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ni vivyo hivyo kwa namna yake: lazima ifungwe, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia foromali (mti unaobeba tanga) juu, lakini ifungwe kwa mizunguko ya kupishana ambayo ukiitupa tanga linashuka lenyewe. Ncha yote ya henza ikunjwe vizuri na kutundikwa, isikanyagwe na mtu.

Nawaonya pia kuhusu siku za maleleji, upepo wa kaskazi unapoondoka na kusi haijashika. Upepo hugeuka bila taarifa na tanga linaweza kupigwa kwa nyuma. Fundo lililokuwa linavutwa upande mmoja linaanza kutikiswa kila upande, na hapo ndipo ile mizunguko miwili inayopishana kwenye mti mlaini, bila nusu fundo ya kuilinda, hujifungua yenyewe. Nimeona dema mbili (mitego ya samaki) zikiteleza na kutumbukia kwa sababu hiyohiyo, mlangoni mwa mto Pangani, maji yakiwa yanapwa kwa kasi. Hatukuzipata.

Bandiko la 5. Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kabisa, na naomba wasomaji wachukue maneno yako badala ya yangu kuhusu demani. Nilipoandika kwamba ingefungwa kwa fundo la kuchomoa tungeokoka, nilikuwa nikifikiria namna ya kupunguza kosa. Wewe umeliondoa kosa lenyewe.

Bandiko la 6. Mchangiaji, Bagamoyo

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo mzee wa Pangani. Mimi ni mkulima wa mwani huku Mlingotini, na ingawa hatuendi mbali kama ninyi, hakuna watu wanaofunga mafundo mengi kwa siku kama sisi. Kila kichipukizi cha mwani kinafungwa kwenye kamba ya shamba kwa kikamba kidogo tunachokiita taitai, nacho huachwa hapo hadi mwani ukue, kiasi cha wiki 6. Tulipokuwa tunaanza, tulikuwa tunakaza. Siku ya kuvuna taitai haifunguki, vidole vimelainika kwa maji, bahari inaanza kurudi, unalazimika kukata au kurarua mwani. Baadaye tulijifunza kufunga kwa kitanzi cha kuchomoa, tukiacha mkia mfupi wa urefu wa kidole. Unavuta mkia, mwani unaanguka mkononi, taitai inabaki kwenye kamba ikisubiri mbegu nyingine. Kwa hiyo nilipoisoma hoja yako ya kufunguka niliielewa mara moja.

Ninalotaka kuongeza ni kuhusu mizigo milaini. Tukivuna wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunapakia magunia ya mwani mbichi katika mtumbwi usio na matengo, na magunia hayo hujaa maji na kuteleza kama samaki. Tatizo letu halikuwa fundo, lilikuwa umbo la mzigo. Kamba inafungwa ikiwa imekaza, baada ya dakika chache maji yanachuruzika, gunia linapungua, na kamba imelegea bila mtu kuigusa. Gunia moja likahamia upande mmoja, mtumbwi ukainama, na mengine yote yakalifuata. Mama mmoja wa kikundi chetu aliangukia majini hivyo, na kwa bahati yalikuwa maji ya kiunoni.

Sasa tunafanya hivi. Magunia tunayaacha yachuruzike kwanza juu ya mtumbwi kabla ya kukaza kamba. Tunayapanga chini kabisa, mstari mmoja wa katikati, halafu tunafunga gunia kwa gunia, mdomo kwa mdomo, ndipo tunapitisha kamba moja ndefu juu ya yote kutoka ubavu hadi ubavu. Tukifika nusu ya njia mmoja wetu anakagua na kukaza tena. Je, kwa nyavu zilizolowa nanyi huwa mnakaza tena njiani?

Bandiko la 7. Mleta mada

Dada yangu, umenifundisha. Hapana, wengi wetu hatukazi tena, na ulivyoeleza ndivyo wavu unavyofanya: unapakiwa ukiwa umejaa maji, unachuruzika, fungu linanywea na kamba inalegea. Kuanzia sasa nitakagua mara moja tukishatoka kwenye kina kifupi. Faida ya ule ufungaji wa utingo inaonekana hapo pia, kwa sababu kukaza upya hakuhitaji kufungua yote. Unachomoa nusu fundo ya mwisho, unavuta, unarudisha.

Bandiko la 8. Mchangiaji, Moa

Natofautiana kidogo na mleta mada, kwa heshima. Babu yangu alivua miaka yake yote akiwa na ngalawa na hakufunga kitu ila nanga. Alikuwa akisema chombo kikipinduka kiache kitapike, uzito wote utoke, ndipo utaweza kukigeuza. Wavu mzito uliofungwa unaning'inia chini ya ngalawa iliyopinduka na kuikamata kama nanga ya pili. Mmeshawahi kujaribu kugeuza ngalawa yenye wavu uliolowa umefungwa ndani yake? Sisi tulijaribu tukashindwa.

Bandiko la 9. Mleta mada

Ndugu yangu wa Moa, babu yako alikuwa sahihi kuhusu uzito, na ngalawa yenye matengo ikishapinduka ni ngumu kuigeuza hata ikiwa tupu, kwa kuwa tengo moja lazima lizamishwe na jingine lipande juu. Wala sipingi kwamba wavu uliofungwa utaizuia. Ndiyo sababu nasisitiza fungu la wavu lishikwe kwa fundo la kuchomoa na mkia wake uelekee mahali mkono utakapofika ngalawa ikiwa imepinduka. Jambo hilo la mahali mkia unapoelekea sikulieleza vizuri mwanzoni. Mkia ukiwa juu ya mti, chombo kikipinduka utakuwa chini ya maji, ndani ya giza la ngalawa, na itabidi mtu apige mbizi kuutafuta. Uelekeze nje, kwenye ubavu, mahali ambapo utaupapasa ukiwa umeshika mti wa matengo kutoka majini. Ukiuvuta, fungu linaachia likiwa limefungwa lenyewe kwa lenyewe, linabaki limeshikwa na kamba ya pima tatu au nne (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) yenye boya mwishoni. Wavu ukizama, boya litawaonyesha ulipo kama maji si ya kina kirefu, na halitawanasa miguu.

Ila nakubaliana na babu yako katika hali moja. Mkipita mahali mawimbi yanapovunjika juu ya mwamba karibu na ufukwe, ambapo chombo kinaweza kubingirika na watu wakiwa karibu na nchi kavu, ni bora kamba ziwe chache kadiri inavyowezekana. Zana zitaokotwa ufukweni maji yakipwa.

Bandiko la 10. Mchangiaji mpya, Tanga mjini

Wakubwa zangu, naomba msaada. Mimi si mvuvi. Mwezi ujao nitaungana na jamaa zangu wanaovua mshipi upande wa kisiwa cha Yambe, na sitaki kuwa mzigo kwao. Nimejaribu hilo fundo la kuchomoa kwa kamba ya viatu nikiwa kitandani na nimelielewa. Je, inatosha?

Bandiko la 11. Mleta mada

Haitoshi, mdogo wangu. Tafuta kamba ya katani ya milimita 8, urefu wa pima mbili, uiloweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha. Jaza dumu la lita 20, funga kitanzi kisichokaza kwenye mpini, pitisha kamba juu ya boriti imara au tawi la mwembe, na upande wa pili uufunge kwenye nguzo dumu likiwa limening'inia. Zima taa. Fungua kwa mkono mmoja. Mtu asikae chini ya dumu, na watoto wawe wamelala.

Bandiko la 12. Mchangiaji mpya, Tanga mjini

Nimefanya usiku huu uani kwetu. Mara ya kwanza nilifunga nusu fundo tatu bila mizunguko na bila mkia, kama kijana wa demani, nikaacha dumu likining'inia tangu magharibi hadi saa 3 usiku. Nilipojaribu kufungua nilichubua ukucha na fundo halikusogea, hadi mke wangu aliponyanyua dumu ili kamba ilegee, na hata hapo nilitumia meno. Mara ya pili nilizungusha mara mbili kwenye nguzo, nusu fundo mbili, ya mwisho ikiwa na mkia. Niliuvuta mkia, ile nyingine nikaisukuma kwa kidole, na kabla sijajiandaa kamba ilianza kukimbia mkononi. Ile mizunguko miwili ilinisaidia kuishika, nikalishusha dumu taratibu hadi chini, bado kwa mkono mmoja.

Bandiko la 13. Mleta mada

Umefanya vyema. Kesho rudia kwa mkono wa kushoto, na safari hii umwagiwe ndoo ya maji usoni wakati unatafuta mkia.